Malalamiko Dhidi ya Mama Sufuri, na Ombi la Ajira kwa Neno "Nimefika"

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Taasisi ya Mito na Mvua.

YAH: MAMA SUFURI KUHAMISHWA GHOROFA, NA NENO "NIMEFIKA" KUPEWA AJIRA YA KUDUMU

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba mafua yamekuacha na kwamba barua hii inakukuta umekaa, maana si ya kusomwa umesimama. Mimi ndiye mtaalamu wa mafuriko wa ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, kile ambacho mlango wake haufungiki mpaka uuinue kidogo. Nimeitumikia taasisi hii miaka ishirini na miwili bila onyo hata moja la maandishi. Maonyo ya mdomo siyahesabu, kwa kuwa hayana faili.

Kama unavyojua, kazi yangu ni programu ya mto. Programu hiyo huchukua ramani ya bonde zima, ikaikata vipande, na kila kipande kikakabidhiwa kichwa kimoja cha kompyuta kikipigie hesabu: mvua imenyesha kiasi gani, maji yamepanda kiasi gani, yanaelekea wapi. Na kwa kuwa maji hayaombi ruhusa kuvuka mpaka, kila kichwa hulazimika kumpa jirani yake habari kila baada ya hatua: kwangu mpakani maji yako hapa, endelea na wewe. Vichwa vyote hufanya kazi kwa wakati mmoja, ndiyo maana hesabu ya siku mbili huisha kabla ya chai kupoa. Programu hiyo niliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, na kwa miaka tisa ilikwenda kwenye kompyuta yetu ya zamani, yenye vichwa vinne, bila hata kupiga chafya.

Miezi miwili iliyopita ukatununulia kompyuta mpya yenye vichwa mia moja ishirini na nane. Tukakushukuru, tukapiga nayo picha. Siku iliyofuata programu yangu ikaanguka. Haikugombana na mtu, haikulalamika. Ilianguka tu, kama mtu aliyevutiwa kiti, ikaacha ujumbe wa mstari mmoja kwenye skrini kwamba imegusa kumbukumbu isiyo yake. Nikaiwasha tena, ikaenda dakika arobaini, ikaanguka. Mara ya tatu ilikwenda dakika tatu. Mara ya nne ilimaliza salama salimini, nikafurahi, nikaiwasha mara ya tano na kumwita fundi mitambo aje ajionee. Ilimngoja aingie, aketi, avae miwani. Ndipo ikaanguka.

Hapo ndipo ulipotuletea Mama Sufuri.

Sina ugomvi na mama huyu kama binadamu. Amefundisha hesabu darasa la tatu kwa miaka ishirini na sita, amestaafu, akajifunza kuandika programu akiwa tayari bibi wa wajukuu wawili, na sasa umempa kazi ya kuzikagua za kwetu. Jina la Sufuri alipewa na dereva wa taasisi, kwa sababu huanza kila hesabu na sufuri, kama kompyuta zenyewe zinavyofanya. Akipanda ngazi utamsikia: sufuri, moja, mbili. Hutembea na boksi la chaki kwenye mkoba. Nina malalamiko sita dhidi yake, na nimeyapanga kuanzia dogo ili usichoke mapema.

1. Maswali. Swali lake la kwanza, kabla hata sijamwonyesha pa kukaa, lilikuwa kama programu yangu imewahi kufanya kazi. Nikamweleza habari za miaka tisa. Akauliza kama ilikuwa inafanya kazi au ilikuwa haianguki tu. Nikamwambia ni kitu kimoja. Akaandika jambo katika daftari lake, na mpaka leo hajanionyesha alichoandika. Nilipomgusia kwamba maswali yamezidi, alinikumbusha kwamba kuuliza si ujinga. Nakubali. Lakini kujibu kutwa nzima ni kazi, na haimo katika barua yangu ya ajira.

2. Kushushwa hadhi. Aliniagiza (huniita "baba", kwa adabu kubwa, lakini agizo ni agizo) niiendeshe programu kwa kichwa kimoja tu. Ndugu Mkurugenzi, kuwasha mashine ya vichwa mia moja ishirini na nane na kukitumia kimoja ni kama kukodi basi zima ukapeleke barua. Ilikwenda siku mbili bila kuanguka. Nikasema, unaona sasa, haina kosa. Akasema tuongeze kichwa kimoja. Vichwa viwili, salama. Vinne, salama. Vinane, salama. Kumi na sita, ikaanguka mara moja kati ya kumi. Thelathini na mbili, mara nne. Yote aliyachora ubaoni kwa chaki, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kuyatazama kama mtu anayetazama picha ya arusi. Akasema kosa hili haliishi ndani ya nyumba ya mtu. Linaishi baina ya jirani na jirani. Mimi nilisema linaishi kwenye kompyuta mpya. Maoni yangu hayakuandikwa ubaoni.

3. Kudharau ugunduzi wangu. Wakati yeye anachora, mimi nilikuwa kazini. Ili nijue programu inaangukia wapi, niliipa mstari mmoja wa kuiamuru iandike neno "Nimefika" kila inapopita mahali fulani, kama msafiri anavyopiga simu nyumbani. Niliiwasha. Haikuanguka. Nikauondoa mstari, ikaanguka. Nikaurudisha, ikasimama imara kama nguzo. Nilirudia hivyo mara sita, na mara sita ikawa hivyo hivyo. Mgonjwa alikuwa amepona kwa kujuliwa hali! Nikaongeza mistari mingine kumi na mitatu, popote nilipopashuku, na tangu siku hiyo programu haijaanguka hata mara moja, ingawa imekuwa nzito kidogo na ina maneno mengi. Dereva sasa ananiita Profesa Nimefika. Nimevumilia.

Mama Sufuri hakunipongeza. Alisema dawa usiyojua inatibu nini, hujui pia inaua nini. Nilimjibu kwamba mke wangu hajui kwa nini akinigusa bega naacha kukoroma, lakini ananigusa, na nyumba inalala. Akasema huyo mke wangu angefanya vizuri kunipeleka kwa daktari. Ndugu Mkurugenzi, afya yangu ya koo imeingiaje katika ukaguzi wa programu?

4. Kuungana na fundi mitambo. Fundi analalamika kwamba neno "Nimefika", likiandikwa na vichwa mia moja ishirini na nane kutwa kucha, limejaza diski yote, na kwamba Jumatatu barua pepe za taasisi nzima zilisimama kwa ajili hiyo. Ni kweli. Naomba tu iandikwe pia kwamba Jumatatu hiyo hiyo ripoti nne zilizokwama tangu mwaka jana zilikamilika. Mama Sufuri alisikia hoja yangu, akampa fundi pole.

5. Kukataa kutia saini. Hili ni zito, na naomba ulisome taratibu. Mvua kubwa zinaanza wiki ijayo. Manispaa ilituomba ramani ya mji wa chini: maji yatafika wapi, na watu wahamishiwe wapi kabla hayajafika. Mhandisi wa manispaa alikuwa amenipigia simu mara tano. Jumanne asubuhi ramani ikatoka, safi kabisa, buluu penye maji na njano penye ukavu. Shule ya msingi iliyo karibu na daraja ilitoka njano, tena njano ya kuiva, hivyo inafaa kupokea familia mia tatu.

Kwa utaratibu wetu ramani hutoka na saini mbili, ya mtaalamu na ya mkaguzi. Mimi nilisaini nikiwa nimesimama. Mama Sufuri aliketi, akaitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya shule, akaniuliza, "Baba, una hakika?"

Nikamwambia nina hakika kabisa.

"Basi niandikie kwa nini haikuanguka," akasema, "nami nitasaini hapa hapa."

Sasa nakuuliza wewe uliye mkubwa wangu: ni nani aliyewahi kudaiwa maelezo kwa kutoanguka? Leo nimekuja kazini kwa miguu, sikuanguka, na hakuna aliyenisimamisha mlangoni nitoe sababu. Nilimweleza kwamba familia mia tatu haziwezi kungoja yeye aridhike. Akanijibu kwamba ni kwa ajili ya hizo familia mia tatu yeye hajaridhika. Tukaachana hapo. Ramani niliipeleka kwa mhandisi ikiwa na saini moja, na maelezo kwamba ya pili iko njiani.

6. Tukio la kantini. Jumatano, saa ya chai, nilikuta meza za kantini zimesukumwa ukutani na viti vinane vimepangwa mstari mmoja. Mama Sufuri alisema tutakuwa kompyuta. Aliwaketisha mpishi, dereva, mlinzi wa getini, katibu muhtasi wako, fundi mitambo, wasafishaji wawili na mimi mwandishi wa barua hii. Kila mmoja akapewa kipande chake cha mto. Sakafuni mbele yetu aliweka rundo la vibao vidogo vya chaki, ambavyo inaonekana amevitunza tangu ualimu wake, akasema lile rundo ndilo kumbukumbu.

Kisha akatusomea kanuni, na kanuni zilikuwa zile zile za programu yangu, kazitoa mle mle: chukua kibao rundoni, andika kiasi cha maji ya mpakani kwako, kiweke mbele ya jirani akisome, kirudishe rundoni ili mwingine akitumie. Halafu uanze tena. Kanuni safi. Sikuona aibu yoyote zilipokuwa zinasomwa.

Mizunguko miwili ya kwanza ilikwenda vizuri, hasa kwa sababu hakukuwa na nidhamu. Dereva, kila alipoweka kibao mbele ya mpishi, alitangaza kwa sauti ya kipaza sauti kwamba amefika, akinitazama mimi. Watu wakacheka. Katika kule kucheka mpishi akapata nafasi ya kufuta mikono, kusoma na kunakili namba yake. Mama Sufuri akatuomba sasa tufanye kimya kimya, na haraka.

Mzunguko wa tatu mpishi akageuka kutazama sufuria yake jikoni. Dereva akaweka kibao mbele yake kama kanuni inavyosema, na kama kanuni inavyosema akakirudisha rundoni. Mlinzi akakiokota kile kile, akafuta, akaandika namba yake. Mpishi alipogeuka, alikifuata kibao kilichokuwa chake, akasoma kilichoandikwa. Dereva alikuwa ameandika arobaini. Yeye akasoma nne, akaandika nne, akaendelea na kazi akiwa ameridhika. Hakuna aliyeanguka. Sisi wote tukaendelea kujumlisha juu ya ile nne.

Mzunguko wa nne ulikuwa mbaya zaidi. Mpishi alichelewa tena, kibao kikawa tena mikononi mwa mlinzi, naye mpishi alipokishika, mlinzi hakukiachia, maana kazi ya mlinzi ni kutoachia. Wakavutana. Mpishi akaenda chini pamoja na kiti, na chai yangu ikaja kwenye suruali yangu ya kaki.

Mpishi alipokwisha kuinuliwa na kupewa pole, Mama Sufuri aliuliza swali moja tu. "Nani alimwambia dereva kwamba mpishi ameshasoma?"

Nyuso saba zikanigeukia mimi. Nilisema kwamba kwa miaka tisa hakuna aliyeuliza hilo. Nikasema pia kwamba kompyuta haina sufuria jikoni wala haivutani na mlinzi, kwa hiyo mchezo ule hauthibitishi lolote. Mpishi, ambaye tumeheshimiana miaka yote, alinitazama akiwa ameshika kiuno, akasema kuwa laiti ningemngoja kidogo asingeumia. Maneno hayo, mbele ya wasafishaji, yameniuma kuliko ile chai.

Kwa sababu hizo sita, Ndugu Mkurugenzi, naleta maombi yafuatayo, na nadhani mwenyewe utaona ni ya kiasi. Mosi, Mama Sufuri ahamishiwe ghorofa ya chini, kwenye stoo ya ramani za karatasi, ambazo zimetulia na hazina cha kukaguliwa. Nimeshaipima, meza inaingia. Pili, mistari yangu kumi na minne ya "Nimefika" iingizwe rasmi katika programu, isiondolewe na mtu yeyote, na kwa kuwa inafanya kazi ambayo mashine ya vichwa mia moja ishirini na nane imeshindwa kuifanya, itambuliwe katika taarifa ya mwaka pamoja na watumishi wengine wa kudumu. Tatu, swali la "una hakika?" lipigwe marufuku ndani ya jengo hili, isipokuwa kwa anayetaka kuvuka barabara. Na la mwisho, ambalo halina namba kwa sababu ni la haraka: utie wewe saini ya pili kwenye ramani. Nimeiambatanisha. Mahali pa kusaini nimepawekea alama ya penseli.

Nisalimie nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo, na mama mkwe ambaye nilisikia amerudi kutoka hospitali. Tunamwombea apate nguvu. Katibu muhtasi wako naye nampa salamu na shukrani, maana Jumatano alikuwa kichwa namba tatu na hakukosea hata mara moja. Mke wangu anakusalimu. Fundi mitambo hakusalimu, ana hasira na diski.

Ni mimi mtumishi wako, ambaye bado amesimama,

Mtaalamu wa Mafuriko,
ghorofa ya pili, chumba cha mwisho.

NYONGEZA. Utaona bahasha ina mkanda wa gundi. Nilikuwa nimeifunga jana, leo Alhamisi nimeifungua mwenyewe.

Asubuhi hii niliingia kazini na nia moja, nayo ni kumthibitishia Mama Sufuri kwa maandishi kwamba amekosea. Niliiondoa mistari yote kumi na minne ya "Nimefika". Mahali pake nikaweka amri moja: kichwa kisirudishe kumbukumbu rundoni mpaka jirani aseme ameshasoma. Mstari mmoja, Ndugu Mkurugenzi. Nikawasha vichwa vyote mia moja ishirini na nane, nikakaa mbele ya skrini kungoja ianguke. Mama Sufuri akavuta kiti, akaanza kushona kifungo cha koti lake.

Haikuanguka. Ilimaliza kabla ya saa tano. Nikaiwasha mara ya pili, ikamaliza, na mara ya tatu, na namba za mara zote tatu zilifanana mpaka tarakimu ya mwisho. Jambo hilo halijawahi kutokea kwenye ile mashine, hata katika siku zangu za "Nimefika". Sasa naelewa nilichokuwa nimefanya. Kuandika lile neno kulivipotezea vichwa muda, kama kicheko kule kantini, na katika muda huo majirani wengi waliwahi kusoma. Wengi, si wote. Wale waliochelewa kidogo hawakuanguka tena. Walisoma namba ya mtu mwingine, wakaendelea na kazi wakiwa wameridhika.

Shule ya msingi ni buluu. Maji yanafika kwenye madirisha. Ile njano ya Jumanne ilikuwa namba ya kilima cha ng'ambo.

Sikumbuki nilikaa muda gani nikiitazama. Mama Sufuri alikata uzi kwa meno, akaja akaisoma ramani mpya kutoka juu mpaka chini, akaniuliza kwa nini haikuanguka. Nikamwandikia, mistari minne, kwa mkono wangu. Akasaini. Kisha akanisogezea simu.

Kwa hiyo maombi yangu yote nayafuta, pamoja na lile lisilo na namba. Ramani niliyoambatanisha ichanwe. Kama uhamisho wa Mama Sufuri umeshausaini kabla ya kufika kwenye nyongeza hii, nakusihi uutengue leo hii, maana ramani za miaka tisa iliyopita nazo zinataka kurudiwa moja moja, na amekubali tuzirudie pamoja. Mpishi nimemwomba radhi. Amesema atafikiria.

Mhandisi wa manispaa nilimpata kwenye simu saa kumi na nusu. Aliniambia magodoro yameshapakiwa, na malori matatu yako njiani kuelekea shuleni. Nikamwambia yasifike. Akaniuliza Jumanne nilikuwa na hakika kiasi gani. Nikamwambia kabisa. Akauliza, na leo? Nikamwambia leo ziko saini mbili, na naweza kumweleza kwa nini. Akasema hana muda wa kuelezwa, akaiweka simu mezani bila kuikata. Nikasikia mlango, nikasikia anaita watu kwa majina, nikasikia gari linawashwa. Mama Sufuri alikuwa amesimama kando yangu. Nilishikilia mkono wa simu dakika kumi na saba, mpaka mhandisi aliporudi, akihema, akaniambia malori yamegeuzwa na yanapanda kwenda ukumbi wa soko la juu.